Pimeni gari kabla ya kununua springi

Aprili ni mwezi wa mafundi hapa Arusha. Masika yameshika, wageni wamepungua, kambi nyingi za Serengeti zimefungwa, na magari yetu yamejipanga kwenye gereji za Unga Limited, Njiro na Sakina, yamevuliwa magurudumu na kusimamishwa juu ya magogo. Huu ndio wakati wenye magari hufanya matengenezo makubwa ya mwaka. Na ndio wakati ambapo mimi, dereva wa watalii kwa miaka 21 sasa, husikia agizo lilelile karibu kila gereji ninayoingia: "Fundi, ninyanyulie nyuma. Ongeza mabamba mawili, gari lisimame."

Ninaandika kwa sababu ya mabamba hayo mawili.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kulala chini ya gari: springi za nyuma za Land Cruiser ya kazi si zile za chuma kilichoviringishwa. Ni mabamba ya chuma yaliyopinda kama upinde, marefu juu, mafupi chini, yamebanwa pamoja katikati na bolti moja, ambayo sisi tunaiita senta bolti, kisha yakafungwa kwenye ekseli kwa yubolti. Mwaka 1999 Toyota waliibadilisha sehemu ya mbele ya magari haya wakaweka springi za koili, lakini nyuma wakayaacha mabamba yaleyale. Nami nasema walifanya vyema. Bamba hubeba uzito, na papo hapo huishikilia ekseli isikimbie mbele wala nyuma. Likivunjika Lobo, dereva mwenye kipande cha ubao na mpira wa tairi kuukuu anaweza kulifunga akafika Seronera polepole. Nimefanya hivyo mara mbili.

Mwaka 2014 nilikabidhiwa gari lililotoka kunyanyuliwa. Bosi wangu wa wakati ule alikuwa amepata mabamba ya roli lililokatwa chuma chakavu, akayaongeza mawili kila upande, na gari likapanda nyuma sentimita 10 nzima. Kwa kweli lilipendeza. Lilisimama kama simba dume aliyesikia kitu, na madereva wenzangu walilizunguka wakilisifu. Hata mimi nilifurahi.

Safari ya kwanza nilibeba wageni wanne tu, wote wazee, kwa siku sita. Mwenye kuijua barabara ya kutoka ukingo wa Ngorongoro kushuka hadi Naabi anajua ninachokisema: kokoto, vumbi, na mikunjo iliyojipanga kama bati la paa, kilomita baada ya kilomita. Springi nzuri huimeza ile mikunjo. Zile zangu hazikumeza chochote. Ekseli ilipopigwa, chesi ilipigwa, na chesi ilipopigwa, kiti kilipigwa. Mama mmoja aliyekaa kiti cha nyuma kabisa, juu ya ekseli, alinyamaza mpaka tulipofika njia panda ya Olduvai. Ndipo akaniomba kwa upole ahamie mbele, mkono ukiwa kiunoni. Siku ya tatu hakutoka kambini. Alikuwa ameweka akiba kwa miaka ili aione Serengeti, na siku ile aliiona kupitia turubai la hema.

Mabamba yale hayakuvunjika, na hicho ndicho kilichomfanya bosi aamini kwamba ni mazuri. Vilivyovunjika ni vitu vingine. Shokapu zote mbili za nyuma zilimwaga mafuta kabla ya miezi miwili. Bano la friji lilikatika. Bawaba za paa la kufunguka zilipasuka. Kisha, mwezi wa nne, fundi wa kuchomelea alinionyesha ufa kwenye chesi, karibu na pale ilipokatwa na kurefushwa ili gari lipate mlango na viti vya ziada. Wengi wetu tunaendesha magari yaliyorefushwa hivyo. Ile chesi iliungwa na binadamu, kwa mashine ya kuchomelea, na kazi ya springi ni kuikinga. Springi isiyojipinda huhamisha kazi yake yote kwenda kwenye ule mshono.

Nililipeleka gari kwa mzee mmoja wa Unga Limited aliyezeeka na springi. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nani kakuwekea chuma cha roli?"

Nikamweleza. Akalizunguka gari, akapanda bampa ya nyuma, akaruka-ruka kwa uzito wake wote. Gari halikutikisika.

"Ekseli ya nyuma ina kilo ngapi?"

Nikasema sijui.

"Ukiwa na wageni je?"

Nikasema sijui.

"Basi nenda kalipime, likiwa tupu na likiwa limejaa. Ukirudi na namba mbili tutaongea. Bila namba siwezi kukusaidia."

Nililipima kwenye mizani ya ghala la nafaka, kwanza gari zima, kisha magurudumu ya nyuma peke yake yakiwa juu ya mizani. Matangi yalikuwa yamejaa, mimi nikiwa kwenye usukani: kilo 2,780 kwa jumla, nyuma 1,460. Siku ya pili niliwaomba vijana sita wa gereji wapande, tukaweka mabegi, maji na sanduku la chakula kama vile tunaelekea Ndutu. Jumla ikawa kilo 3,390, na nyuma ikasoma 2,010. Tazameni jambo hilo. Katika kilo 610 tulizoongeza, 550 ziliangukia ekseli ya nyuma. Mbele halikuhisi karibu lolote. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mzee alitaka namba za nyuma na si za gari zima, na kwa nini hawezi kukuchagulia springi mtu anayekuuliza tu unataka gari lipande kiasi gani.

Springi huchaguliwa kwa uzito ambao gari hubeba siku nyingi. Si uzito wa siku moja ya mwaka mlipohamisha kambi nzima, wala si uzito wa gari tupu likiwa limeegeshwa mbele ya ofisi likipigwa picha. Waaustralia, ambao nchi yao nao ina barabara ndefu za vumbi na Land Cruiser nyingi, huuza springi zao kwa mtindo huo: unatajiwa kilo za mzigo wa kudumu, unachagua. Mwenye pikapu ya shamba inayorudi tupu kila jioni anahitaji springi tofauti na yangu, hata kama magari yetu yametoka meli moja.

Mzee alinifundisha jambo jingine ambalo nadhani kila mwenye gari alijue. Alichukua mabamba mawili, moja la unene wa milimita 8, jingine milimita 10, akaniuliza lipi gumu zaidi na kwa kiasi gani. Nikajibu kama mtu yeyote angejibu, kwamba la pili limezidi robo. Akatikisa kichwa. Ugumu wa bamba haupandi sawa na unene wake. Hupanda kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Nane mara nane mara nane ni 512. Kumi mara kumi mara kumi ni 1,000. Milimita mbili, ambazo jicho halizioni bamba likiwa na matope, zimelifanya bamba kuwa gumu karibu mara mbili. Sasa fikiria bamba la roli la milimita 12 au 13, mawili kila upande, chini ya gari la watalii. Mtu aliyeyafunga alidhani ameongeza kidogo.

Kwa hiyo kuna njia mbili za kulinyanyua gari nyuma, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kulipa bamba upinde mkubwa zaidi bila kulifanya gumu sana. Ya pili ni kulifanya gumu mpaka likatae kushuka. Njia zote mbili zitakupa sentimita unazotaka ukipima gereji, lakini ya pili unailipia kila siku barabarani. Seti nzuri huwa na mabamba mengi kiasi, membamba, yenye upinde, na chini kabisa bamba moja au mawili mazito yaliyonyooka ambayo hayagusi chochote gari likiwa jepesi. Mzigo ukiingia, yale ya juu yanashuka mpaka yanayalalia yale mazito, nayo yanaanza kusaidia. Ukiwa peke yako gari ni laini, ukiwa na wageni saba linabeba. Zipo pia springi za mabamba machache yaliyo mazito katikati na membamba miishoni, yasiyosuguana. Nimeziendesha kwa miezi kadhaa na ni tulivu sana kwenye mikunjo, ila zinadai uzito wako uujue vizuri zaidi, kwa kuwa hazina bamba la kupunguza wala kuongeza ukikosea.

Wengine watauliza kwa nini kunyanyua kabisa. Ninalo jibu, maana mimi si adui wa kunyanyua. Gari likirefushwa, tumbo lake linakuwa refu, na kila tuta lenye kilele hugusa katikati. Mwezi wa pili na wa tatu, nyumbu wanapozaa kule Ndutu, udongo mweusi wa mbuga ukilowa hukatwa na matairi kuwa mifereji miwili yenye mgongo katikati, na gari refu lililokaa chini hulala juu ya ule mgongo magurudumu yakizunguka bure. Sentimita nne au tano hapo ni za thamani. Pia huipa tairi nafasi ya kupanda bila kusugua bodi.

Lakini isisemwe kwamba springi zimeinua difu. Hazikuinua. Difu imekaa kwenye ekseli, ekseli imekaa kwenye magurudumu, na springi ziko juu ya hayo yote. Unaweza kunyanyua bodi nusu mita na jiwe lililokuwa linagonga difu litaendelea kuigonga palepale. Kinachoinua difu ni tairi pekee. Na tairi nayo haitoi nyingi: ukitoka 265/75 kwenda 285/75 kwenye rimu ya 16, kipimo cha tairi kinaongezeka milimita 30 kutoka chini hadi juu, difu inapata nusu yake, milimita 15. Nimeona watu wakitumia fedha nyingi kwenye springi kwa ajili ya mawe ya njia ya Engaruka kwenda Ziwa Natron, wakarudi na difu iliyopigwa vilevile.

Njia za mkato ninazijua zote, nimeziendesha zote. Bloku za chuma kati ya springi na ekseli huinua kwa bei ndogo, lakini huipa ekseli mkono mrefu wa kuzikunja springi kila ukikanyaga mafuta kwenye matope, na anayepanga bloku mbili moja juu ya nyingine anacheza na roho za watu. Shakeli ndefu, yaani vile vipande viwili vinavyoning'iniza ncha ya nyuma ya springi, hutoa nusu tu ya urefu ulioongeza, na huigeuza pembe ya difu hadi propela ianze kuunguruma.

Njia inayopendwa zaidi hapa kwetu ni kuzipeleka springi zilizolala kwa mhunzi azikunje upya kwenye moto wa mkaa. Ninawaheshimu wahunzi wetu. Chuma cha springi za magari ndicho kinachotoa sime nyingi za Wamaasai na mapanga mengi ya mashambani, na ni chuma kizuri kwa sababu hiyohiyo ya kuwa cha springi. Lakini nguvu ya bamba haikai kwenye umbo lake tu. Kiwandani lilipashwa moto, likazimwa kwenye mafuta, likapashwa tena kwa joto linalopimwa. Ukilirudisha kwenye mkaa likawa jekundu, ukalikunja na kuliacha lipoe lenyewe, umelirudishia upinde na umeliondolea uwezo wa kuushika. Litapendeza Juni. Agosti, katikati ya msimu, litakuwa limelala tena, au limekatika kwenye jicho la ncha yake. Kama ni lazima kukunja, likunjwe baridi, kwa mashine ya kubana, kidogo kidogo, na lililochoka sana litupwe.

Sasa nije kwenye breki, na hapa ninawaomba wenye magari wanisikilize kuliko mahali pengine popote katika makala hii.

Land Cruiser nyingi za aina hii, hasa zisizo na breki za kompyuta, zina valvu ndogo kwenye chesi, nyuma, yenye fimbo iliyoungana na ekseli. Mzigo ukiingia, chesi inashuka kuikaribia ekseli, fimbo inaisukuma valvu, nayo inaziruhusu breki za nyuma zishike kwa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, chesi inapanda, na valvu inazipunguzia breki za nyuma ili magurudumu yasijifunge na gari kugeuka ubavu. Ukinyanyua nyuma sentimita 10 bila kuigusa fimbo ile, valvu inaamini gari ni tupu siku zote. Unashuka Seneto kuingia kreta, mita 600 hivi za mteremko, ukiwa na watu saba na mizigo yao, na breki za nyuma zinafanya kazi ya gari lisilo na mtu. Mbele zinabeba yote, zinachemka, na kanyagio linaanza kuzama. Nilikutwa na hali hiyo kwenye mteremko wa Mto wa Mbu, siyo kreta, na niliokolewa na gia ya kwanza na upana wa barabara. Wageni hawakujua. Nilisimama chini sokoni, nikanunua ndizi nyekundu ili nipate sababu ya kukaa dakika ishirini mikono iache kutetemeka.

Katika magereji manne niliyoyauliza mwezi huu, ni mawili tu yaliyoniambia kwamba huirekebisha ile fimbo baada ya kunyanyua. Mpira wa breki unaokwenda kwenye ekseli nao unapaswa kuangaliwa kama unafika ekseli ikining'inia, na shokapu ziwe na urefu wa kutosha, la sivyo shokapu ndiyo itakayoishikilia ekseli isishuke, kazi ambayo haikuumbiwa. Nyuma ikipanda peke yake, taa za mbele hutazama chini na uzito husogea, kwa hiyo koili za mbele nazo ziangaliwe. Yubolti zifungwe mpya, zisirudishwe za zamani, na zikazwe tena baada ya kilomita 500 hivi. Senta bolti ya gari langu moja ilikatika kwa sababu yubolti zililegea na hakuna aliyezigusa, na tuliingia Karatu ekseli ikiwa imekaa mshazari.

Na tukumbuke wageni wetu husimama. Paa likifunguliwa, watu sita wamesimama kifua nje, uzito wao uko juu kabisa, na gari liko ubavuni mwa mfereji likimfuata chui. Kila sentimita ya bure uliyoongeza chini inawapandisha na wao.

Najua jibu la wenye magari, kwa sababu niliajiriwa nao na baadhi yao ni rafiki zangu: seti mpya ni ghali, mabamba ya roli ni bei ya chakavu, na msimu uliopita haukuwa mzuri. Ni kweli seti ni ghali. Lakini tulipokaa na mhasibu wa lile gari la 2014, tukajumlisha shokapu, kuchomelea chesi mara mbili, bano, bawaba, siku tano gari likiwa gereji katikati ya Agosti na fedha aliyorudishiwa yule mama, bosi mwenyewe ndiye aliyesema tuagize seti. Tuliagiza ya mzigo wa kudumu wa namba zetu. Gari lilipanda sentimita nne na nusu. Halikupendeza tena kama simba. Kuna dereva alinipita pale Makuyuni akaniuliza kama springi zimelala.

Madereva wenzangu, sisi ndio tunaokaa juu ya hizi springi siku 200 na zaidi kwa mwaka, na wengi wetu tukifika miaka 50 hatuwezi kuinama kufunga kamba za viatu. Tusinyamaze bosi anapoagiza mabamba ya roli. Na ninyi wenye magari, mna wiki chache kabla ya Juni. Lipelekeni gari mizani, tupu na limejaa, pimeni nyuma peke yake, kisha ziandikeni zile namba mbili kwa rangi kwenye fremu ya mlango wa dereva, ili fundi yeyote atakayelilalia chini azikute hapo.